Dawa Nameza, Mbona Moyo Hautulii?



Leo chukua Biblia yako, fungua Injili ya Marko sura ya 5, weka alama kwenye mstari wa 25 hadi wa 34, halafu iache hapo pembeni. Tutairudia. Kabla ya hapo nataka nikusimulie kosa langu.

Mwishoni mwa Januari 2025 nilikuwa katika mwaka wangu wa uchungaji, kwenye kigango kimoja huku juu milima ya Uluguru, upande wa Mgeta. Kama hujawahi kufika, ni nchi ya karoti, kabichi na njegere zilizopandwa kwenye miteremko mikali mpaka unajiuliza watu wanalimaje bila kuteleza. Asubuhi ukungu unakuwa mzito, kengele ya kanisa unaisikia kabla ya kuliona kanisa lenyewe. Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya, binti mmoja wa sauti ya pili alibaki nyuma, anajifanya anapanga vitabu vya nyimbo. (Ameniruhusu kuandika haya, na nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.)

Akaniuliza, "Frateri, eti ni kweli Wamarekani wamefunga dawa?"

Nikamwuliza, "Dawa gani, dada?"

Akanyamaza. Akaangalia chini. Hapo ndipo nilipoelewa.

Kumbe amezaliwa na virusi vya UKIMWI. Ana miaka 22, na dawa ameanza kumeza tangu akiwa mtoto. Pale kijijini anayejua ni bibi yake tu, aliyemlea. Siku zile habari zilikuwa zimeenea kwenye redio na kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba serikali mpya ya Marekani imesimamisha misaada, na misaada hiyo tangu mwaka 2003 ndiyo imebeba sehemu kubwa ya huduma za VVU Afrika. Aliniambia kwamba siku hiyo peke yake alishavihesabu vidonge vyake mara tatu. Usiku halali. "Moyo unaenda mbio kama nimepanda mlima, Frateri, na wakati huo nimekaa." Halafu kulikuwa na jambo la pili. Kijana mmoja alikuwa amemtuma mshenga kwa mjomba wake, na huku Uluguru mnajua mjomba ni nani: bila yeye hakuna posa.

Mimi, mwenye digrii yangu ya falsafa, nikamjibu hivi: "Dada, usiwe na wasiwasi. Sali tu. Mtu wa imani hana hofu." Nikamkumbusha Mathayo 6, ndege wa angani na maua ya kondeni. Akasema, "Asante, Frateri," akaenda zake.

Jumapili tatu mfululizo hakuonekana kwenye kwaya.

Jumapili ya nne bibi yake alinisubiri nje baada ya ibada. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa upole, "Baba, mjukuu wangu umemwambia hana imani?"

Swali lile sijalisahau mpaka leo. Nilikuwa nimetumia Neno la Mungu kama mtu anavyofunga mlango. Somo la leo ni jaribio langu la kumjibu bibi yule.

1. WASIWASI NI NINI?

Tuanze na maneno. Kiswahili chetu kinatofautisha hofu na wasiwasi, tena vizuri kabisa. Hofu ina jina. Ukikuta nyoka kwenye tuta la karoti unaogopa, unakimbia, nyoka akiondoka hofu nayo inaondoka. Wasiwasi hauna nyoka. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono, sauti ndogo inayorudiarudia sikioni: "Je, wakijua? Je, dawa zikiisha? Je, akiniacha? Je, nikifa?" Huwezi kuukimbia mnong'ono, kwa sababu popote uendapo unatembea nao.

Mwanafalsafa Søren Kierkegaard wa Denmark aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1844. Alisema hofu huwa na kitu inachokiogopa, lakini wasiwasi unahusu lile linaloweza kutokea, yaani kesho iliyo wazi mbele yako. Akaufananisha na kizunguzungu cha mtu anayetazama chini kwenye shimo refu. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa barabara ya kupanda Mgeta akatazama bondeni anaelewa bila kusoma Kierkegaard.

Mwili nao una sehemu yake. Ubongo ukidhani kuna hatari, mwili unamwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, mikono inatoka jasho, tumbo linakoroga. Mungu aliuumba mwili hivyo ili ukikutana na chui uweze kukimbia. Shida ni kwamba mwili hautofautishi sana kati ya chui na foleni ya kliniki ambayo ndani yake umemwona jirani yako. Na kengele hiyo ikilia siku moja, ni kawaida. Ikilia wiki baada ya wiki, ukakosa usingizi, hamu ya kula na nguvu za kazi, hapo si tabia tena. Ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa, na una matibabu.

Sisi mtaani tunasema tu, "Ana mawazo," au "Ana stresi." Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Ni kile kile.

2. DAWA IPO, MBONA WASIWASI UPO?

Hili ndilo swali lenyewe la leo, maana watu wengi wanashangaa: "Si siku hizi dawa zipo? Anaogopa nini?"

Ni kweli tumetoka mbali. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kwetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwishoni mwa mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Wakati ule kupata majibu kulikuwa kama kusomewa hukumu. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure. Kuanzia 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Mwaka 2019 tukaanza kutumia kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir, dawa yenye nguvu na yenye maudhi machache kuliko zile za zamani.

Matokeo yake yanaonekana. Utafiti wa taifa wa 2022-2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, yaani watu zaidi ya milioni moja na nusu. Kati ya wanaojua hali zao, karibu wote, asilimia 97.9, wanatumia dawa. Na kati ya hao wanaotumia dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vimefubazwa. Kuna zaidi: mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi mwaka 2023 kwamba hatari hapo ni sifuri. Mama aliye kwenye dawa naye anaweza kuzaa na kunyonyesha, na hatari ya kumwambukiza mtoto inashuka chini ya asilimia 5.

Sasa mbona binti yetu halali? Nilipokuja kumsikiliza vizuri, na baadaye kuwasikiliza wengine, niligundua mambo haya.

Kwanza ni siri. Ukiishi kijijini, kliniki ya karibu ina maana ya kuonekana. Wapo wanaopita zahanati ya jirani, wanapanda gari mpaka Sangasanga na kuendelea hadi Morogoro mjini, mji kasoro bahari, ili wachukue dawa mahali wasipojulikana. Nauli wanayo kwa shida. Masika yakikolea barabara inaharibika, na siku ya kliniki haingoji barabara ikauke. Kila safari inahitaji uongo mdogo: "Naenda kumsalimia shangazi." Uongo mdogo kila baada ya miezi michache, miaka kumi na tano, unachosha roho.

Pili ni maneno yetu. Tuseme ukweli, vijana. "Amekanyaga miwaya." "Ana ngoma." Tunacheka, tunatuma kwenye magrupu, tunaweka stetasi. Aliye kwenye kundi hilo hilo anasoma, anaweka na yeye emoji ya kucheka ili asishukiwe, halafu anazima simu na kulia. Na kuna ule mtazamo kwamba mwenye virusi lazima "alijitakia". Binti niliyewaambia alipata virusi kabla hajajua kusema "mama". Na hata aliyevipata kwa njia nyingine, nani alikuweka wewe kuwa hakimu wake?

Tatu, wakati mwingine ni dawa zenyewe. Dawa ya zamani iitwayo efavirenz ilijulikana kwa kuleta ndoto za kutisha, kizunguzungu na wasiwasi. Waliotumia miaka ile wanaweza kukusimulia. Dolutegravir ni nafuu zaidi, ila baadhi ya watu inawanyima usingizi wakiimeza usiku, na mara nyingi kuihamishia asubuhi kunasaidia. Ndiyo maana dalili kama hizi unamweleza mhudumu wako. Usikae kimya, na usiache dawa.

Nne ni kesho. Maisha yako yakitegemea kidonge kinacholetwa na mkono wa mtu wa mbali, habari ya redio si habari tu. Nilipomwambia dada yule asiwe na wasiwasi, nilikuwa namwambia asihisi kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angekihisi.

Na hapo kuna mduara mbaya. Wasiwasi ukizidi, mtu anaanza kuruka dozi, anakwepa kliniki. Akiruka dozi virusi vinapanda. Virusi vikipanda anapata sababu mpya ya wasiwasi. Kwa hiyo kumtuliza mtu moyo si huduma ya pembeni baada ya dawa. Ni sehemu ya kumweka hai.

3. JE, WASIWASI NI DHAMBI?

Hapa ndipo nilipoteleza, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba hisia kama hofu, huzuni na hasira ni mapigo ya nafsi iliyo ndani ya mwili. Zinapokuja zenyewe si nzuri wala mbaya kimaadili. Zinaanza kuwa nzuri au mbaya pale akili na utashi vinapoingia, yaani pale unapoamua utafanya nini nazo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema hivyo hivyo namba 1767. Kwa hiyo moyo kwenda mbio saa nane usiku si kosa la kuungama. Ukiamua kumdanganya mchumba kwa sababu ya hofu, hapo tumefika kwenye maadili. Kuhisi ni kitu kimoja, kuamua ni kingine.

Tazama Maandiko. Nabii Eliya, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19, alikimbilia jangwani, akakaa chini ya mti, akaomba afe. Mungu alimfanyia nini? Hakumhubiria. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji. Akala, akalala tena, akala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani. Na Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemani, Marko 14, alifadhaika na kuhuzunika sana, akawaambia rafiki zake watatu hali yake waziwazi na kuwaomba wakeshe naye. Kama wasiwasi ungekuwa ni kukosa imani, tungesema nini juu ya Yesu usiku ule?

Kuna jambo la Thoma linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Anapoorodhesha dawa za huzuni, pamoja na kutafakari ukweli anataja kulia, kukaa na marafiki, kulala usingizi, na kuoga! Mwanateolojia mkubwa kuliko wote anakuambia: dada, kaka, oga, ulale, mtafute rafiki. Neema haidharau mwili.

Basi na wale ndege wa Mathayo 6? Yesu anatufundisha kumtegemea Baba, na fundisho hilo ni la kweli jana na leo. Lakini ndege hutoka kiotani kila asubuhi kutafuta chakula. Kumtegemea Mungu kunakwenda pamoja na kuchukua dawa kliniki, kuuliza maswali na kuomba msaada. Na fundisho lile lilitolewa ili kufariji watu. Ukilitumia kumnyamazisha mtu anayelia, umeligeuza.

4. MARKO 5:25-34: MWANAMKE ALIYEPONA AKIWA BADO ANATETEMEKA

Sasa rudi kwenye ile alama uliyoweka. Soma taratibu mara mbili, kisha tuangalie pamoja.

Mstari wa 25 na 26. Mwanamke huyu ana miaka 12 ya kutokwa damu. Ameshamaliza mali yake yote kwa waganga, na hali imezidi kuwa mbaya. Ongeza hapa Walawi 15:25-27: kwa sheria ya wakati ule alihesabiwa najisi, na kila alichokalia au kulalia kilikuwa najisi, na aliyekigusa vilevile. Kwa hiyo alikuwa na ugonjwa wa mwili na ugonjwa wa pili juu yake, ule wa macho ya watu. Leo huo wa pili tunauita unyanyapaa.

Mstari wa 27. Anakuja kwa nyuma, katikati ya umati, asionekane. Je, hujamwona huyu mwanamke? Mimi nimemwona kwenye gari la asubuhi la kwenda mjini, amejifunika kitenge mpaka puani.

Mstari wa 29. Anagusa vazi, na papo hapo damu inakauka. Amepona. Ingekuwa sisi tunasimulia, hadithi ingeishia hapa kwa vigelegele. Marko haishii hapo.

Mstari wa 30 mpaka wa 33. Yesu anasimama, ingawa Yairo anamsubiri na binti yake yuko mahututi. Anauliza nani amemgusa. Na yule mwanamke, ambaye tayari amepona mwili, anakuja akiogopa na kutetemeka. Tafadhali kaa kwenye sentensi hiyo. Mwili umepona, moyo bado unatetemeka. Ndiye binti yetu wa sauti ya pili: kipimo kinasema virusi havionekani, na yeye saa nane usiku yuko macho. Miaka 12 ya kujificha haikauki siku moja pamoja na damu.

Na Yesu hakuridhika na mwili peke yake. Aliona kwamba akimwacha aende kwa siri kama alivyokuja, ataondoka amepona lakini atabaki mtu wa kujificha. Angalia pia namna anavyofanya. Hautangazi ugonjwa wake. Hamnyooshei kidole. Anasimama, anampa muda, na mwanamke mwenyewe ndiye anayesema ukweli wote. Kisha, mstari wa 34, anamwita Binti, anasifu imani yake, anampa amani. Imani ile ile iliyokuja inatetemeka! Hakusubiri atulie kwanza ndipo aiite imani.

Tahadhari moja. Mtu asichukue kisa hiki akasema, "Unaona? Waganga hawakumsaidia, achana na dawa." Yoshua bin Sira sura ya 38 inatuagiza kumheshimu tabibu kwa sababu Mungu ndiye aliyemweka, na inasema dawa zinatoka ardhini kwa kazi ya Bwana. Sisi Watanzania tuna kumbukumbu ya karibu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wakiamini kinaponya hata UKIMWI. Wapo walioacha dawa zao baada ya kikombe kile. Kikombe hakikuponya UKIMWI. Mungu anayesikia sala ndiye huyo huyo anayefanya kazi kupitia kidonge. Ukiombewa, shukuru, na kesho asubuhi meza dawa.

5. TUFANYE NINI?

Kwa wewe unayeishi na VVU na unasoma hapa peke yako:

Usibebe siri yako peke yako, lakini pia huna deni la kumwambia kila mtu. Chagua mmoja anayejua kutunza neno: bibi, dada, padre, mshauri nasaha wa kliniki. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu yako na inakataza ubaguzi. Na kwa padre, unachokisema kwenye kitubio kinafia pale.

Ukienda kliniki, usiongelee vidonge tu. Sema, "Wiki mbili sasa silali, moyo unaenda mbio." Usiogope kwamba watakuita kichaa na kukupeleka Mirembe. Kuongea na mshauri ni tiba, na akiona unahitaji dawa ya wasiwasi, hiyo nayo ni dawa kama zile nyingine.

Usiku mnong'ono ukianza, vuta pumzi polepole kupitia pua, itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Unaweza kuvuta na jina la Yesu, ukatoa na "nihurumie". Wakristo wa kale walisali hivyo, na mwili unatulia kweli.

Kwa wachumba: kuishi na VVU si kizuizi cha ndoa katika Kanisa. Ila kumficha mwenzako jambo zito kama hili ili akubali kukuoa au kuolewa nawe ni kosa kubwa, na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1098, inaonyesha kwamba udanganyifu wa namna hiyo unaweza hata kuibatilisha ndoa yenyewe. Sheria ya nchi nayo inamtaka mtu amjulishe mwenza wake. Ni mgumu huu, najua. Ndiyo maana hausemwi peke yako: nendeni kliniki wote wawili, mpime wote, mshauri awaeleze.

Kwa sisi wengine, jumuiya, kwaya, VIWAWA: kazi yetu ni kuwa mahali ambapo mtu anaweza kusema ukweli wote bila kuumizwa. Wapo waliotutangulia. Hapa hapa Morogoro, miaka ya 1990 ilipokuwa mibaya, daktari wa magonjwa ya akili Lucy Nkya alianzisha Faraja, akawa upande wa watu ambao mji uliwakwepa. Dar es Salaam mwaka 1992 Jimbo Kuu lilianza huduma ya PASADA, na walioianzisha walikuwa kikundi kidogo cha watu wenye virusi wenyewe. Na Zimbabwe daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu wenye kufungisisa. Wengi waliokuja kukaa hapo walikuwa wanaishi na VVU. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi, na benchi!

Nasi benchi tunazo. Bibi tunao. Tunachokosa mara nyingi ni masikio.

6. BIBI NA SWALI LAKE

Jumapili ile nilimwambia bibi ukweli: "Bibi, nilikosea. Naomba nije nyumbani." Nilikwenda. Nilimwomba dada msamaha mbele ya bibi yake, kisha nikanyamaza. Aliongea karibu saa mbili. Sikumpa mstari wowote wa Biblia. Mwisho nilimwuliza tu kama ninaweza kumsindikiza kwenye kliniki yake ya mwezi ule, akakubali, ila akasema nikae mbali kidogo kwenye gari. Tulicheka.

Dawa zake hazikuisha. Mshauri alimpangia siku za kuzungumza, na wakahamisha kidonge kutoka usiku kwenda asubuhi. Yule kijana alimwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kwenye chumba cha mshauri. Kijana aliomba muda wa kufikiri. Mpaka ninapoandika haya hajarudi na jibu, na siwezi kukuahidi atajibu nini.

Lakini Jumapili iliyopita sauti ya pili ilikuwa kamili. Na nilipomwuliza habari za usiku, alinijibu, "Nalala, Frateri. Si kila siku, ila nalala."

MASWALI YA KUTAFAKARI

1. Katika Marko 5, wewe uko wapi leo: ndani ya umati, nyuma ya vazi, au miguuni pa Yesu?
2. Ni neno gani la mzaha kuhusu VVU umewahi kulisema au kulituma? Nani huenda alilisoma?
3. Mtu akitaka kusema ukweli wote kwenye jumuiya yenu, atamwambia nani? Kama hakuna, mnaweza kuanza vipi?

TUSALI

Bwana Yesu, ulisimama njiani kwa ajili ya mwanamke aliyetetemeka. Simama leo kwa ajili ya wenzetu wanaomeza dawa kwa siri na kukesha usiku. Wape usingizi, wape rafiki mmoja wa kweli, na wasikose dawa. Nasi utufunge midomo inayocheka na kuhukumu, utufungue masikio. Tunaomba hayo kwa njia yako, unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mama Maria, faraja ya wenye uchungu, utuombee.

Ndugu yenu, Frateri